Dhahabu Ilivyomfuata Emiliana

Jumanne asubuhi Emiliana alikuwa uani akikanda udongo wa kufinyangia, na Magreth, mke wa mchungaji, ameinama kuchagua chungu cha maharage. Hereni ya dhahabu ya Magreth ilichomoka sikioni, ikapita hewani polepole kama nyuki aliyeshiba, ikatua kwenye kiganja cha Emiliana. Emiliana akairudisha. Ikachomoka tena. Magreth akazivua zote mbili, akazifunga kwenye pindo la kitenge, akaenda zake bila chungu.

Kufikia Ijumaa ilikuwa imeshasemwa kwamba Emiliana alifundishwa wizi na watu wa treni huko Itigi, na kwamba ndiyo maana haongei sana. Vyungu vilibaki uani. Kazi nyingine hakuwa nayo.

Mathayo, mwenye mwalo wa kuoshea mchanga wa dhahabu kule juu ya bwawa, akamshitaki kijijini kwamba dhahabu yake inapungua. Kikao kikaitwa. Mathayo alikuja na mizani, akamimina vumbi la dhahabu juu ya meza, na Emiliana akaambiwa aketi mbali. Vumbi likateremka kwenye mguu wa meza, likavuka sakafu kwa mstari kama siafu, likampanda mpaka kwenye vidole vya mikono. Waliokaa karibu naye walisogeza viti.

"Mama Lea, wewe una mekyuri mwilini," Mathayo alimwambia Emiliana. "Hiyo zebaki sisi tunaitia kwenye mchanga ikamate dhahabu. Kazi yake ndiyo hiyo."

"Nimeitoa wapi, baba? Mwaloni kwako sijakanyaga. Mimi nachimba tope bwawani tu."

Mathayo akaanza kufuta mizani, ingawa ilikuwa safi. Kila mtu alijua maji ya mwalo huishia bwawani. Watu waliangaliana, kisha wakaangalia chini, kila mmoja akificha mikono yake.

Mwenyekiti Hezekia aliamua haraka kwamba Emiliana si mwizi. Mtendaji Anselm akaandika barua, akagonga muhuri. Emiliana akaomba iandikwe pia mekyuri ilikotoka.

"Kikao kilikuwa cha wizi, mama," Anselm alisema. "La bwawa halikuwa kwenye ajenda. Usituchanganyie."

Barua ilisomwa kanisani na msikitini, na vyungu vikaisha kwa siku mbili. Wanawake sasa huvua hereni na pete nyumbani kabla ya kwenda kwake, na hakuna anayeona ajabu. Emiliana huchimba tope palepale, maana udongo mwingine hupasuka motoni.

Kila Jumamosi Mathayo humtuma kijana wake Gerald na mswaki. Emiliana hunyoosha mikono, Gerald huipangusa taratibu, kidole kwa kidole, vumbi la dhahabu likianguka kwenye karatasi. Jumamosi iliyopita Emiliana alimuuliza kama na mekyuri ataichukua.

Gerald akakunja karatasi. Alisema ametumwa dhahabu tu.