Mikono Miwili, Mama Wawili

Mume wangu ni fundi saa, lakini sifa yake kubwa si ufundi, ni utii. Mama yake akimwambia keti, anaketi. Mama yangu akimwambia simama, anasimama. Balaa huja wakikutana wote wawili jikoni kwangu, maana mama hawa hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi.

Jumamosi moja walikuja kututembelea, na maharage yalikuwa yanachemka.

"Hayo yameiva," Mama akasema. "Mwanangu, epua."

Mume wangu akainuka. Hakutafuta kitambaa wala nini. Akaishika sufuria kwa mikono mitupu, akaiinua.

"Rudisha!" Mama Mkwe akasema. "Bado magumu hayo."

"Epua!"

"Rudisha, nimesema!"

Na yeye, mtoto mwema wa watu, akasimama katikati ya jiko na meza, sufuria mikononi, akingoja uamuzi. Mimi ndiye niliyepiga ukelele, ndipo akaiachia. Maharage yakatapakaa sakafuni. Viganja na ncha za vidole vyake vilikuwa vimeiva kuliko hayo maharage.

Sikucheka. Vidole vile ndivyo vinavyokamata skrubu ndogo kuliko punje ya ufuta. Ufundi ule ndio uhai wake. Hata usingizini huvikunja vidole akikaza kitu anachokiona yeye peke yake.

Mama Mkwe akakimbilia stoo kutafuta yai, maana kwao aliyeungua hupakwa ute wa yai. Mama akakimbilia chumbani kutafuta dawa ya meno, maana kwetu hupakwa hiyo, awe na meno au asiwe nayo. Mimi nilikuwa nimeshaonywa siku nilipompeleka mtoto chanjo. Muuguzi mmoja mwenye mdomo alitusimamia akina mama kwenye benchi, akasema: "Aliyeungua si samaki, msimtie viungo. Mtieni chini ya bomba, maji ya kawaida yanayotiririka, dakika ishirini. Kisha mleteni hapa."

Nikamburuta mume wangu hadi kwenye bomba la uani, nikamvua pete kabla kidole hakijavimba, nikafungua maji. Pumzi ikamshuka. Lakini dakika ishirini nilijua hatazipata. Akija huyu na yai lake atamtoa, akija yule na tyubu yake atamtoa. Nikimzuia mmoja nimemdharau, nikimwachia nimemchagua. Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na nyasi zangu zilikuwa zimeshaungua tayari.

Nikarudi ndani mbio, na uongo ukanijia wenyewe njiani.

Mama Mkwe nilimkuta anatoka stoo, yai mkononi.

"Mama, mama yangu kasema neno."

"Neno gani?"

"Nimemweka Fundi chini ya bomba, inatakiwa dakika ishirini. Sasa yeye anasema wewe huwezi kumshika mkono pale mpaka mwisho. Eti ukoo wenu hauna subira."

"Mimi?" Macho yakamtoka. "Nani alitaka kuepua maharage mabichi?" Yai akalitumbukiza mfukoni mwa gauni, akashika njia ya uani.

Mama nilimkuta chumbani, tayari keshafungua tyubu.

"Mama Mkwe yuko bombani kamshika mkono wa kulia. Anasema atakaa dakika ishirini, na kwamba wewe ukija utaachia kabla ya tano. Eti wewe kazi yako kuepua tu."

Mama akakifunga kifuniko polepole, akakikaza sana.

"Mkono gani umebaki?" akauliza.

Basi wakakaa. Mmoja kulia, mmoja kushoto, mume wangu katikati, maji yakimiminika juu ya viganja vyote viwili. Hawakutazamana wala hawakusema. Mama Mkwe alipoinama zaidi yai likapasuka mfukoni, ute ukamteremka mguuni mpaka kwenye kandambili. Hakutikisika.

"Basi, mama zangu," nikasema muda ulipotimia. "Yametosha."

"Aanze yeye kuachia," Mama akasema.

"Aanze yeye," Mama Mkwe akajibu.

Ikabidi nifunge bomba mwenyewe. Nikaifunika mikono kwa kitambaa safi bila kukaza, tukaenda kliniki. Muuguzi alikuwa yule yule.

"Kapakwa nini?"

"Maji!" mama wote wakajibu kwa sauti moja.

Muuguzi akaridhika. Akasema malengelenge yasitumbuliwe, bandeji zibadilishwe pale pale kliniki, na kuhusu vidole, tutaona. Lile "tutaona" lilininyima raha wiki zote zilizofuata. Nilimlisha, nikamfunga vifungo vya shati, na kila nikiitazama meza yake ya kazi iliyofunikwa shuka nilitaka kulia.

Siku bandeji zilipotoka kwa mara ya mwisho, mama wote wawili walikuja bila kuitwa. Fundi akaketi mezani, lenzi jichoni, kibano mkono wa kushoto, bisibisi wa kulia. Akaiokota skrubu. Ikayumba, ikayumba tena, kisha ikakaa mahali pake. Akaikaza. Saa ikaanza kutembea, na mimi nikalia mbele za watu bila haya.

"Mkono wangu ndio uliokaza," Mama Mkwe akasema.

"Na wangu ndio ulioshika. Nawe ulisema nitaachia kabla ya dakika tano!"

"Mimi? Wewe ndiye uliyesema ukoo wetu hauna subira."

"Sijasema hata siku moja. Nani kakwambia?"

"Na wewe nani kakwambia?"

Njia ya mwongo ni fupi. Wote wawili wakanigeukia. Mume wangu akazidi kuinamia saa yake, msaada hana.

"Mwongo huyu," Mama Mkwe akasema.

"Mwongo hasa," Mama akasema.

Miaka yote niliomba wakubaliane japo juu ya jambo moja, na sasa jambo lenyewe lilikuwa mimi. Nikapiga magoti niombe radhi. Kabla sijafungua mdomo, Mama akainua kidevu.

"Hata hivyo, akili hiyo kaitoa kwangu."

"Kwako?" Mama Mkwe akavuta kiti, akaketi kabisa. "Kaja nyumba hii hajui kumdanganya hata kuku! Huyu nimemfunza mimi."