Namba Mpya ya Kamanda

Kama milima ingepandwa kwa mdomo, Kamanda angekuwa ameshafika kileleni na kurudi kabla wenzake hawajamaliza kufunga kamba za viatu. Jina la Kamanda alipachikwa stoo alikofanya kazi, kwa kuwa kila aliyeingia kuchukua balbu au rimu ya karatasi alitoka na mhadhara wa jinsi ya kupumua mahali penye hewa nyepesi. Begi la mgongoni alikuwa nalo. Fimbo za kutembelea alikuwa nazo. Viatu alivitembeza sebuleni kila jioni ili vimzoee mguu, kutoka kwenye kochi hadi kwenye friji na kurudi. Kilichobaki ni miwani, na miwani, alisema, si kitu cha kukurupukia.

Mkewe alishachoka hata kulisikia neno lenyewe. Mama huyu alikuwa dobi mkuu wa hospitali, mwanamke wa mabega mapana na magoti yasiyolalamika, na watu wote, mumewe akiwemo, walimwita Dobi. Kwa miaka mingi alikuwa akianika mashuka juu ya paa la hospitali, huku akiutazama ule mlima wenye kichwa cheupe na kujiambia kuwa iko siku atafika. Hakumwambia mtu, mpaka mdogo wake alipojiunga na kikundi cha wapanda milima na kumwita, "Dada, twende zetu." Hapo hapo Kamanda akadakia kwamba mke wa mtu haendi mlimani peke yake, atatangulia yeye. Siku ile Dobi alifurahi mpaka akamkumbatia. Sasa akikumbuka furaha ile, anajisonya mwenyewe.

Mwongozaji wa kikundi alikuwa na sharti moja. Kule juu theluji hulirudisha jua usoni, na macho yasiyokingwa huungua kama ngozi. Kwa hiyo kila mtu awe na miwani ya jua ya kuzuia mionzi, na mwenye macho ya namba awe na miwani ya jua yenye namba yake, kwa sababu hatampeleka mtu asiyeona anapokanyaga. Dobi hakuwa na namba. Aliingia dukani, akachagua miwani nyeusi iliyoziba pembeni, akainama, akarukaruka papo hapo mbele za watu ili aone kama itamwanguka, ikang'ang'ania puani, akaondoka nayo.

Kamanda ndiye aliyekuwa na mambo. Namba yake ilikuwa ndogo tu, ya miaka nenda rudi, lakini tangu safari ipangwe macho yake yaligoma kutulia. Kila akienda kupimwa, namba inapanda. Safari ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Nyumbani akaanza kupapasa kuta. Kwenye ngazi za jengo lao alishuka akikumbatia reli, hadi wapangaji wenzao wakadhani amevaa miwani ile ya kilabuni. Dobi alimwonea huruma sana. Alimsomea ujumbe wa simu, alimchambulia samaki miiba, na lifti ilipoharibika alibeba peke yake mtungi wa gesi kutoka kona ya barabara hadi ghorofa ya nne, huku mumewe ameegemea dirisha la sebule, akitazama chini. "Ungenipungia mkono basi, mke wangu," alisema mlango ulipofunguliwa. "Macho haya! Nimeona kivuli tu, sikujua kama ni wewe." Dobi alikuwa amempungia, tena mara kadhaa.

Siku waliyokwenda duka la miwani kwa mara ya mwisho, mdogo wake Dobi alikuwa amepiga simu asubuhi. "Dada, kikundi kinaondoka wiki hii. Baada ya hapo ni mvua mpaka mwakani. Mwambie shemeji achague miwani, siyo mchumba."

Mpima macho alikuwa mama mwenye sauti ya chini na subira ya kutisha. Alimkalisha Kamanda mbele ya ubao wa herufi, akamfunika jicho moja, akamuuliza anaona nini.

"Ile ya juu kabisa," alisema Kamanda, akikunja uso kwa uchungu, "ni nyumba?"

"Ni herufi, mzee."

"Basi ni herufi yenye paa."

Mpima macho alimtazama kidogo, akaandika. Namba ilikuwa imepanda tena. Akaleta fremu za mlimani, akazipanga juu ya kitambaa. Ya kwanza ilikuwa na vikinga vya ngozi pembeni. Kamanda akajitazama kwenye kioo, akasema amefanana na punda wa mkokoteni. Dobi alikuwa na neno juu ya hilo, akalimeza. Ya pili ilikuwa wazi pembeni, akaikataa yeye mwenyewe kwa sauti ya kitaalamu kwamba mionzi itapenya. Ya tatu ikamkolea. Ilikuwa imepinda kufuata uso, nyepesi, isiyovunjika hata ikikaliwa, na ina kamba ya kuizuia kisogoni. Akageuza shingo kushoto, akageuza kulia, akatunisha kifua.

"Hii ndiyo," alisema.

"Hiyo, kwa namba yako mpya, haiwezekani," alisema mpima macho. "Kioo cha namba kubwa ukikipinda hivyo, nacho kinapinda dunia. Utaona jiwe hapa, kumbe liko pale. Kwa namba yako ya zamani ingekubali bila taabu."

"Ningeichukua leo leo," Kamanda alipumua, akaitua fremu mezani polepole kama anayeweka shada kaburini. "Ndiyo basi. Mke wangu, tusubiri macho yatulie. Mlima hauhami."

Dobi aliona mvua, aliona mwaka mzima wa mashuka, aliona mdogo wake akiondoka bila yeye, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yake alitaka kulia mbele ya mtu wasiyejuana naye. Kamanda alivaa tena miwani yake ya zamani, ile aliyoapa kuwa siku hizi haina tofauti na vioo vya chupa, akageukia dirisha la duka ili asiutazame uso wa mkewe. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kinyozi, na ndani kabisa ya kinyozi, juu ya vichwa vya wateja, palikuwa na kitelevisheni cha ukubwa wa sinia.

"Lo!" Kamanda aliruka. "Wamesawazisha! Mbili mbili, dakika ya themanini na tisa!"

Mpima macho aliitazama barabara, akakitazama kile kitelevisheni, akakodoa, akashindwa. Halafu akaikunja polepole karatasi aliyoandika namba mpya.

Dobi hakuwa anafikiria mlima hata kidogo. Alikuwa kwenye kona ya barabara na mtungi wa gesi begani, ameinua mkono wa pili, na pale juu dirishani mtu aliyekula naye miaka yote hii anamwona vizuri kabisa, jasho na kilemba kilichomshuka shingoni, kisha anatulia na kusubiri afike. Kama mwanamume huyu anasoma dakika za mpira kwenye sinia ng'ambo ya barabara, basi alimwona. Kila siku alimwona.

"Mama watoto," Kamanda alianza, sauti imekwisha, "mimi naogopa. Kwenda juu naogopa. Hata ile ngazi ya stoo, vijana ndio wananipandia."

"Sasa hilo ni neno la kuficha?" alisema Dobi. "Ungeniambia ningekucheka siku moja, ya pili ningekupikia, nikaenda zangu. Watu wangapi wanaogopa? Mimi nilikuwa nakuchambulia samaki! Mtu mzima na ndevu zako, umekaa mdomo wazi kama kinda, na miiba unaiona!"

"Niliona aibu."

"Na nilipokuwa nakupungia mkono pale chini, uliona nini?"

Kamanda aliangalia viatu vyake vya mlimani, ambavyo alikuwa amevivaa kuja dukani.

Dobi alimgeukia mpima macho. "Mama, mtengenezee hiyo aliyoipenda. Namba ya zamani, kioo cheusi, kinga zote."

"Lakini mimi siendi," alinong'ona Kamanda.

"Nani amekwambia unakwenda? Dirisha la sebule linapigwa jua la asubuhi. Nataka usije ukapata kisingizio."

Asubuhi ya safari, Dobi alishuka ngazi na begi mgongoni, lile lile lililokuwa limenunuliwa kwa ajili ya Kamanda na ambalo halijawahi kubeba hata soksi. Mdogo wake alikuwa akimsubiri kwenye gari la kikundi, mbele kidogo ya kona ile ya mtungi wa gesi, mbali zaidi na dirisha. Alipofika hapo alisimama, akageuka. Jua lilikuwa limejaa ukutani. Ghorofa ya nne, dirishani, palikuwa na mtu mwenye miwani nyeusi iliyompendeza, hilo hawezi kumnyima.

Hakuinua mkono. Aliinua kidole kimoja tu, tena akakiweka karibu na kifua.

Juu kule Kamanda akapunga mikono yote miwili.

"Shemeji anaona!" alisema mdogo wake, akicheka.

"Anaona," alisema Dobi, akaingia garini na kufunga mlango.