Bibi Aliyeonja Dawa

Wifi yangu Athanasie, mke wa kaka, ana ulimi mkali, na mwaka ule wa 1992 aliuelekeza kwa mama yangu. Binti wa Athanasie, Gaju, akikohoa, alipelekwa Kinyinya kwa mama, bibi yake, pamoja na vidonge vyake. Mara mbili alirudi macho yamegeuka manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi.

"Mama yako, mukecuru ule, iko na sumu," Athanasie alimwambia kaka yangu, nami nimekaa pale pale. "Ikitokea tena, mtoto hatakanyaga kule."

Nilimfikishia mama maneno hayo nikiwaka hasira. Kwetu anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, ujue hakuna sumu. Gaju alipoletwa tena na kikohozi kingine, mama alionja kila kitu chake: uji, maziwa, hata dawa. Kila Gaju alipomeza kidonge, mama naye alimeza kimoja. Nilimcheka.

"Cheka tu," alisema. "Mjukuu wangu sitanyang'anywa."

Siku chache baadaye wote wawili walikuwa manjano, nikawakimbiza hospitali. Athanasie akatukuta huko, amefura.

"Mukecuru alikuwa anaumwa nini hata ameze dawa hii?" daktari aliniuliza.

"Hakuumwa, muganga. Alikuwa anaonja."

Daktari akaweka kalamu chini. Alipima damu yao, akarudi.

"Sumu haiko," alisema. "Damu yao ni dhaifu tangu kuzaliwa. Dawa hii, salfa, haidhuru watu wengi, lakini kwao inavunja chembe nyekundu. Mtoto ameirithi kwa baba yake, na baba kwa huyu mukecuru. Tutapeleka damu Ulaya kuhakikisha, lakini vidonge hivi mwisho leo. Mukecuru asingevionja, tungeendelea kumpa mtoto."

Vidonge hivyo Athanasie mwenyewe ndiye aliyevifunga kwenye mfuko wa mwanawe. Akaketi sakafuni akalia, nami nikayaacha matusi niliyokuwa nimemwandalia. Nilimhurumia, ingawa sikutaka.

Asubuhi alikuja na chupa ya uji. Akammiminia mama, kisha akainua kikombe aonje kwanza, kama desturi inavyotaka. Ningekuwa mimi, ningemwonjesha chupa nzima.

Mama akamwahi, akakichukua kikombe mkononi mwake.

"Acha, binti yangu," alisema. "Nina njaa."

Akanywa chote.