Nusu ya Dozi ya Dada

Fundi cherehani alikuwa na mkono mwepesi wa sindano, ndiyo maana dada yake, mgonjwa wa kisukari aliyepungukiwa na nguvu za macho, hakukubali mtu mwingine amchome dawa yake ya kila wiki. Dada alikuwa akifunua tumbo, akitazama ukutani na kutania kwamba mdogo wake asije akamshonea kifungo.

Shida ilianzia kwa wateja. Wakija kupimwa nguo walisimulia kwamba dawa ile hupunguza mwili, tena wapo wataalamu wanaochunguza kama inaweza kumsaidia mtu azeeke na afya yake. Fundi alikuwa amekula chumvi nyingi na hapendi kukumbushwa. Akashika nusu ya maneno hayo na nusu ya dawa. Dada akawa anachomwa nusu, na nusu nyingine fundi anajichoma mwenyewe nyuma ya pazia la kupimia nguo, kwa sindano mpya, kana kwamba usafi unafuta wizi. Mwili ukapungua kweli. Akayabana magauni yake yote, wateja wakamvika kilemba cha ukoka, naye akakivaa.

Siku ya kliniki alimsindikiza dada. Daktari alitazama vipimo, akakunja uso, akamuuliza mgonjwa anakula nini kwa kificho. Dada aliapa kwamba hata chai hatii sukari. Daktari akasema wote huapa hivyo. Mtu mzima yule akainamisha kichwa kama mtoto aliyefumaniwa jikoni, na fundi, pembeni yake, akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini alichukua tu mkoba wa dada, wakaondoka.

Jioni, saa ya sindano ilipofika, dada alimkabidhi kwanza ufunguo wa kabati la chakula.

"Kaa nao wewe, mdogo wangu. Labda nakula bila kujijua. Kichwa changu sikiamini tena, nakuamini wewe."

Fundi alishindwa kuupokea. "Dada, hujala kitu. Dawa yako nimekuwa nikikuibia. Nusu najichoma mimi."

Dada alimtazama kiunoni, pale gauni lilipobanwa, kisha akaichukua dawa mkononi mwa fundi. Aliisogeza karibu na macho, akaigeuza, namba za kipimo cha dozi hakuziona.

"Niitie jirani," alisema. "Aje anichome yeye."

Fundi alitoka akitamani ardhi ipasuke immeze. Jirani alifungua mlango, akamtazama kuanzia juu hadi chini, akatabasamu.

"Shoga, leo lazima unipe siri," alisema. "Unazidi kuwa msichana."