Kikohozi katika Wimbo wa Tatu

Usiku wa jana niliota nimeshtakiwa na kanda ya rege.

Kanda yenyewe aliniachia marehemu kaka yangu Mhina, albamu nzima aliyoirekodi kutoka redio moja kwenda nyingine. Jioni nilikuwa nimemwahidi Mama Elineema wa kwaya kwamba nitampa hiyo kama kanda tupu, arekodie mazoezi. Vile viplastiki viwili vya mgongoni mwa kanda Mhina alishavivunja ili isifutike, basi nikaziba matundu kwa karatasi niliyoitafuna ili irekodike tena, nikaenda kulala. Sikuona ubaya. Kanda ni kanda.

Mahakama iko posta. Hakimu ni spika kubwa ya redio, amevaa koti. Karani ni penseli, yuleyule ambaye mimi na Mhina tulikuwa tukimtumia kuzungusha kanda ili kuokoa betri. Bado ana alama za meno yangu.

"Sogea mbele, dada," anasema penseli. "Ila angalia sakafu. Hapa tunahesabu kirege, ngoma inaruka pigo la kwanza. Moja haipo."

Nadhani ni maneno tu. Nakanyaga kigae cha kwanza, mguu unazama mpaka gotini. Nauchomoa, naruka, natua kwenye cha pili.

"Mshtakiwa," anasema spika, na mbavu zangu zinatetemeka. "Wimbo wa tatu ukipigwa, unasikia nini? Ukidanganya, tunafuta."

"Nasikia amani, mheshimiwa."

Penseli anaandika, kisha anajipindua na kufuta kwa kichwa chake. Kigae kimoja kinaondoka pembeni yangu.

"Upendo?" najaribu tena.

Kingine kinaondoka.

"Hayo umeyasoma kwenye kasha," anasema spika.

Nimebaki kwenye kigae cha pili, kwa mguu mmoja. Naogopa, sifichi. Nataka kusema mdundo ni mzuri, lakini ukutani kuna tangazo: NENO "NZURI" HALIPOKELEWI.

Halafu posta ni chumba cha Mhina. Blanketi limetundikwa dirishani, redio mbili zinatazamana, na hakuna ruhusa hata ya kupumua kwa nguvu. Pale pasipo na kigae cha kwanza kuna kiti kitupu, kimekaa hewani. Wimbo wa tatu unaanza. Ngoma inairuka moja kama kawaida yake, na katika nafasi hiyo mtu anakohoa.

Ni yeye. Alikohoa siku ile tunarekodi, akakataa kurudia. "Iache," alisema. "Watajua ni yetu."

"Unasikia nini?" anauliza spika.

"Namsikia kaka yangu. Ngoma ikiiruka moja, nasikia mahali alipokuwa akikaa. Inaniuma, na wimbo ukiisha nataka uanze tena."

Penseli anaandika. Hafuti.

"Basi toa karatasi kwenye matundu," anasema spika, "upesi."

Kitufe chekundu cha kurekodi cha redio kinashuka chenyewe, polepole. Nachokonoa, kucha hazifiki. Penseli hawezi kunisaidia, anasema ni mtumishi wa mahakama. Kitufe kimebakiza unene wa ukucha. Naiinamia kanda, nang'ata.

Niliamka nimekaza meno. Kanda ilikuwa mezani palepale nilipoiweka, matundu yako wazi. Nikatema kiganjani. Vipande viwili vya karatasi, vimelowa.

Saa moja asubuhi Mama Elineema akapiga hodi.

"Nimefuata ile kanda tupu, mwanangu."

"Kanda ninayo, mama," nikamwambia pale mlangoni. "Lakini ina mtu."