Kahawa ya Mzee Eliamini

Mzee Eliamini alimwaga kikapu chake kwenye turubai, na Moraa akaona kijani. Si punje mbili tatu, ni karibu nusu ya kikapu, na kikundi cha wakulima kilipokea mbivu tupu. Akauma ulimi asiseme.

Kwao Kisii watu hawamung'unyi maneno. Angesema, "Hizi mbichi, rudisha," na mwenye kahawa angecheka, arudishe, yaishe. Hapa Mwika, alikoolewa na Sirili, mambo yalikuwa mengine. Wiki iliyopita aliwaambia hivyo wakulima wawili; wakamsikiliza kwa upole, wakasema "asante mama," wakabeba vikapu vyao na hawakuonekana tena. Katibu wa kikundi, mama Doris, hakumgombeza. Alisema tu, "Kazi ya kupokea kahawa inachosha, eti? Labda upumzike kidogo." Moraa alimshukuru kwa kumjali. Jioni Sirili ndiye aliyemfumbua macho: alikuwa ameonywa. Akiondoka mkulima mwingine, na yeye aage. Na kazi ile aliipenda, mzani, harufu ya maganda na yote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mke wa Sirili."

"Ng'ombe hajambo?"

"Hajambo, amezaa juzi."

"Hongera. Na maji ya mfereji yanafika?"

"Yanafika, kwa zamu."

Akauliza migomba, akauliza wajukuu. Zamani salamu hizi zilimchosha. Siku hizi alizionea raha, maana humpa mtu muda wa kulipoza neno kabla ya kulitoa. Hatimaye akachuchumaa.

"Naona kwako migomba imefunga sana, mzee. Kahawa inakosa jua, inaiva kwa kupishana."

Alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea. Mzee hakuupita. Alitazama nyuma, akahakikisha wako peke yao.

"Si migomba," akasema polepole. "Ni macho. Tangu masika, nyekundu na kijani kwangu ni kitu kimoja. Nyumbani sijasema. Wataniambia nipumzike."

Moraa alilijua neno hilo. Alimhurumia mzee, na akashukuru moyoni kwamba hakuropoka, maana mzee angeondoka na siri yake na aibu juu yake. Alichukua punje mbili akamwekea kiganjani.

"Zibonyeze, mzee. Iliyoiva inalegea kidogo. Mbichi ni ngumu."

Mzee akabonyeza moja, akabonyeza nyingine, akatabasamu. Wakaketi pamoja kwenye turubai wakichagua, huku mzee akimsimulia habari za ndama. Vidole vyake vilikwenda taratibu, na rundo la mbivu likakua upande wake. Mara akaweka juu ya rundo hilo punje moja ya kijani kabisa.

"Na hii je?" mzee akauliza.

Neno "mbichi" lilimfika Moraa mdomoni. Akalimeza.

"Hebu ibonyeze tena kidogo, mzee."

Akaiokota, akaibonyeza, akainamisha kichwa kama anayesikiliza, kisha akaihamishia upande wa mbichi.