Kipimo cha Mkwe Wangu

Msinione nimenuna mkadhani ni uzee. Nimetendwa, na aliyenitenda nimemzaa mwenyewe.

Kwetu Naryn, mtoto wa kwanza wa mwanao ni wako. Bibi ndiye humlea, humwita mwanawe, na hakuna anayeuliza. Mimi nililelewa hivyo, na marehemu mume wangu vivyo hivyo. Kwa hiyo Nurzat, mke wa mwanangu Kubat, alipojifungua Ersultan, mtoto wao wa kwanza, niliteremsha susu ya kulazia mtoto kutoka darini, nikaisugua mpaka ikang'aa.

Wiki hiyohiyo jirani yangu akakutwa na kifua kikuu. Mkwe wangu Nurzat ni nesi. Akaja na sindano ya kipimo, akanidunga kwenye ngozi ya mkono.

"Usipaloweshe, Mama. Siku tatu."

Nani asiyejua hilo huku? Tangu shule tunaambiwa kipimo kikiguswa na maji kimeharibika. Sikuoga, sikukanda unga, vyombo niliosha kwa mkono mmoja. Siku ya tatu akaja na rula, akapima uvimbe.

"Milimita kumi na sita! Pole, Mama. Vijidudu vimo, vimelala tu. Mtoto huwezi kumshika."

"Mpaka lini?"

"Tutaona."

Nikaamini. Ningebishana vipi na nesi? Miezi minane nilimtazama Ersultan kupitia dirisha lao, nikigonga kioo kwa kidole na kuchekacheka kama chizi. Maandazi niliyowapelekea niliyaacha mlangoni.

Nilipochoka nikapanda gari mpaka mji mkuu, Bishkek, kwa daktari wa mapafu. Akanipiga picha ya kifua, akanitoa damu. Majibu yaliporudi akatabasamu.

"Mama, huna kitu. Chanjo ya kifua kikuu ulichomwa mara ngapi?"

"Utotoni mara moja, shuleni mara mbili."

"Basi ndiyo hiyo. Ngozi yako inaikumbuka chanjo, ndiyo maana ilivimba. Kipimo cha damu hakidanganywi na chanjo. Na hata vijidudu vingekuwemo vimelala, havimwambukizi mtu. Nesi yeyote anajua."

Nesi yeyote! Nilirudi nawaka moto. Nikaingia kwa Kubat bila hodi, nikamtupia Nurzat karatasi.

"Mnafiki we! Ulijua!"

Nurzat akainama, akaiokota karatasi. Nikamgeukia mwanangu.

"Umeoa nyoka, Kubat. Na wewe amekudanganya."

"Mama, kaa kwanza."

"Sikai!"

"Mwenzangu alitaka akwambie waziwazi kwamba mtoto hatumtoi. Mimi ndiye niliyemkataza. Nilijua utalia, utawaita wajomba, patakuwa hapakaliki. Mkono wako ulipovimba nikamwambia, basi, tuseme hivyo." Macho yake yalikuwa sakafuni. "Ni mimi, Mama."

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Uchungu wa kudanganywa na huyo mwana hawakuutaja. Nilitamani angekuwa Nurzat, wallahi. Mkwe ningemtukana, nikarudi nyumbani nikalala.

"Nipe mjukuu wangu," nikasema.

Nurzat hakubisha. Akamnyanyua Ersultan, akamweka mikononi mwangu. Mzito, mashavu mekundu, ananukia maziwa. Nikamwambia, "Baba, ni mimi." Akanikodolea macho, mdomo ukapinda, akaangua kilio cha kuogopa mgeni, akimnyooshea mama yake mikono yote miwili. Nikambembeleza, akazidi. Nikamrudisha kwa mama yake, akanyamaza papo hapo.